Mkono Ulioganda Goziba: Fundi wa Kashai na Kishikwambi cha Laini

Asubuhi ya mvua, Kashai, mjini Bukoba. Joanitha Kahangwa ameegemeza simu kwenye kopo la vifungo, amerudi nyuma hadi mgongo unagusa magauni yaliyotundikwa ukutani, na sasa anarusha mikono hewani kama mtu anayefukuza nyuki.

Hakuna nyuki. Kuna mama mmoja kiziwi aliyekaa kwenye benchi la hospitali huko Muleba, na daktari anayetaka kujua maumivu yake yameanzia wapi. Daktari hajui lugha ya alama. Mama hasikii. Katikati yao yuko huyu fundi cherehani, utepe wa kupimia shingoni, sindano zimechomekwa kwenye kola, anasikiliza kwa masikio na kujibu kwa vidole.

Wageni wa mtaa husimama kuchungulia. Mwendesha bodaboda anayeegesha hapo nje ndiye mfasiri wao. Akiulizwa, huwaambia kwa sauti ya msiba kwamba fundi ana mashetani, lakini ni mashetani mapole, hayajawahi kuharibu nguo ya mtu.

"Zamani nilikuwa namjibu," anasema Joanitha, huku akivuta kigoda na kukaa. "Siku hizi namwacha. Nikimaliza kuongea kwa mikono, hata mdomo unakuwa umechoka."

Ana haki ya kuchoka. Kwenye kioo cha simu yake, mikono ya yule mama ni midogo kama punje za maharage. Ili aione, lazima asogee karibu. Akisogea karibu, mama naye haoni tena mikono ya mkalimani, anaona paji la uso tu. Basi ni mbele, nyuma, mbele, nyuma, asubuhi nzima, na gauni la mtu limelala chini ya cherehani likiwa na bega moja.

Uso nao ni kazi. Joanitha anaeleza kuwa katika lugha ya alama, nyusi ndizo alama ya kuuliza. "Ukizipandisha, umeuliza. Ukisahau kuzipandisha, umemwambia mtoto wa watu kuwa ana mimba, wakati daktari alitaka kumuuliza tu."

Lugha hiyo aliianza akiwa mtoto, kijijini Kaagya, kwenye kibanja cha migomba na kahawa cha wazazi wake. Mdogo wake, Ildefons, alipoteza kusikia kwa homa kabla hajajua kusema vizuri. Nyumbani wakajitungia alama zao. Ndizi ilikuwa kumenya kidole. Kahawa ilikuwa kusugua viganja. Baba alikuwa ni kukunja uso.

Ildefons alipopelekwa shule ya bweni ya viziwi, alirudi likizo akiwa na mikono mipya ambayo nyumbani hakuna aliyeielewa. Akamkalisha dada yake chini ya migomba, akamfundisha kwa ukali wa mwalimu mgeni. Leo Ildefons anachomelea vyuma Mwanza na ana mke na watoto.

"Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye haya mambo," anasema dada mtu. "Halafu akahama, akaniachia viziwi wote wa Kagera."

Baadaye alipata mafunzo ya ukalimani, lakini hakuajiriwa popote. Cherehani ndiyo inayolipa chumba na chakula. Ukalimani hulipa nauli, siku ukilipa. Kwa miaka mingi alipanda gari kwenda Muleba kila alipoitwa, na mara nyingine akapanda boti hadi kisiwa cha Goziba, kwenye kambi za wavuvi, ambako viziwi wako kadhaa. Kwenye injini na mawimbi, asiyesikia hafanyi kazi vibaya kuliko anayesikia.

Shida ni kwamba ziwa halimpendi. Hutapika tangu boti inapong'oa nanga hadi inapofika. "Nashuka, mgonjwa mwenyewe ndiye ananishika mkono na kuniuliza kama nitapona," anasema.

Ndiyo maana simu ya video ilipokuja, aliipokea kama mvua. Muuguzi huko kisiwani anashika simu mbele ya mgonjwa, Joanitha anakaa Kashai na kopo lake la vifungo, na kila mtu anabaki mkavu.

Mwaka huu ndipo likaja suala la kishikwambi.

Mfadhili mmoja mstaafu, asiyetaka kutajwa, alikiambia kikundi cha viziwi cha Bukoba kwamba atawanunulia kishikwambi kimoja kwa ajili ya mkalimani wao. Kimoja, na kwa kiasi alichotenga. Kwa kiasi hicho dukani kulikuwa na njia mbili tu. Ya kwanza, kishikwambi kipana kama sinia, kisicho na mahali pa kuweka laini. Hicho kingetegemea waifai, au kurushiwa mtandao kutoka kwenye simu, ile ambayo watu huiita hotspot. Ya pili, kishikwambi chenye laini yake na bando lake, lakini kioo chake kimezidi simu kidogo tu.

Kwa maneno mengine, Joanitha achague macho au achague laini.

Kwa muuza simu wa jirani, Mushumbusi, hilo halikuwa swali. Mushumbusi ana fremu ya duka ukuta kwa ukuta na ya Joanitha na ana maoni juu ya kila kitu, hata juu ya upindo wa gauni.

"Dada Joanitha, unataka cha laini wakati vyote ni vigumu? Angusha kimoja uone," alimtania. Halafu akawa mshauri. Simu anayo, bando analo, hotspot ni kubonyeza tu, na laini ya pili ni mdomo wa pili wa kulishwa kila mwezi. Chukua kipana, alisema, ustarehe.

Nathanieli, seremala ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi, naye alitaka kipana, tena kwa sababu nzito zaidi. Yeye ni kiziwi, na amepata kutafsiriwa kupitia ile simu ndogo. Siku hiyo alimwambia daktari kuwa ana kizunguzungu. Joanitha, akikodolea punje za maharage, akasoma kuwa anaharisha. Nathanieli alirudi nyumbani na dawa ya tumbo na maelekezo ya kunywa maji mengi.

Tangu hapo, wakikutana mtaani, Nathanieli humuuliza kwa alama, mbele za watu, tumbo lake yeye Nathanieli linaendeleaje leo. Joanitha hucheka. Anasema hucheka kwa sababu kulia kungemchelewesha kazini.

Mambo yakaelekea kwenye kipana. Mushumbusi alikuwa nacho kimoja kilichotumika, akamwazima ajaribu kwa wiki moja kabla kikundi hakijaamua.

Siku za kwanza zilikuwa sikukuu. Mikono ya watu ilikuwa mikubwa kama ya watu. Joanitha aliweza kukaa. Aliona vidole, aliona midomo, aliona hata mgonjwa mmoja akimsengenya daktari pembeni. Jioni macho hayakumuuma. Alimwambia Mushumbusi kuwa anaweza kumwandalia kipya.

Kisha ikaja simu ya Goziba.

Mgonjwa alikuwa Bashiri, mvuvi kiziwi wa sangara, kijana wa kuja, mkimya kwa kila maana. Ndoano ilikuwa imemchoma kwenye kidole kidogo cha mkono wa kulia, akaifunga kitambaa na kuendelea kuvua. Alipofika kwa muuguzi Esther, mkono ulikuwa umeumuka na wekundu umepanda hadi kwenye kifundo. Esther alimsafisha, akamchoma sindano, lakini alijua hapo kisiwani hana zaidi. Akampigia Joanitha, akawasha video na kumshikia Bashiri simu usoni. Ujumbe ulikuwa mmoja: usisubiri, boti ya leo ipo, panda uende hospitali bara.

Hapa msomaji inabidi aelewe jambo moja dogo. Kwa Kiswahili, katazo linatangulia. Ukisema "usisubiri", lile "usi" limeshafika kabla ya kusubiri kwenyewe. Kwa mikono sivyo. Joanitha, kama viziwi wa Bukoba, hutoa kwanza neno, kisha hulikataa. Anainua kiganja: subiri. Halafu kiganja kinafagia hewa na kichwa kinatikisika: hapana. Neno kwanza, hapana baadaye.

Aliinua kiganja. Simu yake ikaita.

Aliyepiga ni Kemilembe, mteja wake wa siku nyingi, mama mwenye harusi ya mpwa wake mwishoni mwa wiki. Simu ya Joanitha si ya jana. Sauti ikiingia, mtandao wake husimama hadi sauti itoke. Mtandao wa simu uliposimama, hotspot ikasimama. Hotspot iliposimama, kishikwambi kipana kama sinia kikawa sinia kweli.

Kule Goziba, kwenye simu ya Esther, picha ya Joanitha ikaganda. Kiganja juu, uso umekaza, nyusi zimetulia. Subiri.

Chini ya picha yalitokea maneno madogo ya Kiingereza kwamba mtandao unatafutwa. Bashiri hajui kusoma Kiingereza. Aliutazama mkono, akatikisa kichwa kwamba ameelewa, akainuka. Esther alimwona ameelewa, akashukuru Mungu, akaweka simu mfukoni, kwa sababu chumba cha pili mama mmoja alikuwa ameanza kusukuma.

Joanitha alikata simu ya Kemilembe. Kemilembe akapiga tena, kwa sababu mtu akikatiwa hudhani ni mtandao. Alipopokea ili tu aimalize, alisikia heshima ya Kihaya ikitangulia: "Waitu fundi, ile mikono ya gauni langu, uikate. Nimeona mirefu itaniletea joto."

Alipompata Esther hatimaye, boti ilikuwa imeondoka. Bashiri alikuwa ameketi ufukweni, juu ya mtumbwi uliopinduliwa, ameipungia boti mkono wake mzima. Alikuwa anasubiri, kama alivyoambiwa.

Boti nyingine ilikuja kesho kutwa yake. Hospitali waliuokoa mkono. Kidole kidogo hawakuweza.

Joanitha alikwenda Muleba kumwona, safari hii kwa gari, na anasema njia nzima alikuwa akipanga jinsi ya kuomba radhi kwa alama bila kuonekana anajitetea. Hakupata nafasi. Bashiri alianza yeye.

"Nilikuwa nakuonea huruma," alimwambia, kwa mkono wa kushoto. "Umesimama pale na mkono juu muda wote. Nikajiuliza, huyu dada hachoki kuushikilia?"

Joanitha anapolisimulia hilo, huchukua mkasi na kupunguza uzi ambao haukuhitaji kupunguzwa.

Kikao cha kikundi kilifanyika kwenye karakana ya Nathanieli, kati ya vitanda ambavyo havijapigwa msasa. Asiyewahi kuhudhuria kikao cha viziwi hudhani kitakuwa kimya. Si kweli. Anayetaka kusema hupiga meza ili mtikisiko uwaambie wenzake wamtazame, na siku hiyo meza ya Nathanieli ilipigwa kuliko kitanda chochote alichowahi kugongomea misumari.

Nathanieli hakuwa amebadili msimamo. Alisema ajali ilisababishwa na simu, siyo na kishikwambi. Nunueni kipana, kisha fundi aifunge simu yake isiingize sauti wakati wa kazi. Alisema kioo kidogo nacho kina ajali zake, ila hazikati vidole kwa hiyo hakuna anayezihesabu. Akataja tumbo lake. Watu wakacheka, lakini walijua hatanii.

Mushumbusi, aliyealikwa kama mtaalamu, alikubaliana naye. Kufunga simu ni kubonyeza mara moja tu. Joanitha ilibidi amtafsirie Mushumbusi kwa kikundi, na kikundi kwa Mushumbusi, na pia abishane na wote wawili. Kwa hiyo kuna wakati alikuwa akijipinga mwenyewe kwa mikono yake mwenyewe, na kujipinga vizuri.

Zamu yake ilipofika, alipiga meza.

Alisema simu akiifunga, Esther atampigiaje? Muuguzi huanza kwa simu ya kawaida: fundi, kaa tayari, nina mgonjwa. Na picha ikiganda, njia pekee ya kuokoa neno ni kumpigia muuguzi kwa sauti papo hapo na kumwambia, mzuie, sijamaliza. Mlango mmoja haumtoshi anayeingia na anayetoka. Anahitaji simu ibaki simu, na kishikwambi kiwe na mtandao wake ambao hakuna mteja, shangazi wala harusi inayoweza kuukalia.

Na waifai? Nyumbani hana. Hospitalini anakopita ipo, ila neno la siri analijua mtu mmoja tu, naye yuko likizo kila ukimtafuta. Kwenye gari la Muleba haipo.

Ndipo Nathanieli akamuuliza lile ambalo wote walikuwa wakilizunguka. Macho yake je? Anakaribia miaka hamsini. Mchana mzima sindano, halafu mikono ya watu kwenye kioo kidogo. Ataweza mpaka lini?

"Macho nitatafuta miwani," alijibu Joanitha. "Kidole dukani hakipo."

Kisha Bashiri, aliyekuwa amekaa nyuma juu ya rundo la mbao na bandeji yake, alisimama. Mkono wa kulia aliuinua polepole, akasema kwa alama maneno machache ambayo wengine iliwabidi wayaangalie mara mbili, kwa sababu alama zinazotaka kidole kidogo sasa zinatoka pungufu.

"Mnivumilie," alisema. "Nimekuwa na kithembe."

Wakacheka hadi Nathanieli akafuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao, akayaharibu zaidi. Walipopiga kura, mkono wake ulikuwa wa kwanza juu kwa kile chenye laini. Kabla hajaushusha, alimwonya fundi kwamba akisomewa tena kuharisha, atamtuma yeye akanywe hiyo dawa.

Kishikwambi kipo sasa. Kimesimama kwenye kitako cha mbao ambacho Nathanieli amekitengeneza mwenyewe. Laini yake ni ya kampuni tofauti na ya simu, ili moja ikizimia nyingine iwe hai. Bando la mwezi hulilipa Joanitha kutoka kwenye cherehani, na mwezi mbaya hulilipa kikundi. Namba yake anayo Esther, wanayo wauguzi wengine wachache wa Muleba, na basi. Kemilembe aliiomba. Akanyimwa, akanuna, kisha akaleta kitambaa kingine.

Kioo ni kidogo, hilo halijifichi. Ikifika mchana, Joanitha huweka viganja juu ya macho na kukaa hivyo, huku wateja wakidhani anasali. Miwani bado hajanunua.

Kuna jambo jingine limebadilika, na Nathanieli hajalipenda. Joanitha siku hizi akikataza jambo, hutanguliza hapana, kisha neno, kisha hapana tena. Nathanieli anasema hiyo si lugha, hivyo ndivyo wanavyoongea watu wanaosikia waliojifunza kwenye picha za kitabu. Joanitha anakubali kuwa ni makosa. Ameamua kukosea.

Lakini mpango wake mkubwa si kishikwambi. Kila Alhamisi jioni, kama hakuna mgonjwa, yeye na Esther huwashiana video. Joanitha humfundisha muuguzi huyo alama: maumivu, damu, tangu lini, boti, leo. Bashiri, ambaye amerudi kambini na sasa hutengeneza nyavu badala ya kutupa ndoano, hukaa pembeni ya Esther kumsahihisha vidole. Joanitha anasema ni mwalimu mkali kuliko Ildefons, na kwamba Esther ameanza kuiga kithembe chake bila kujua.

Anataka Esther aweze kumhudumia kiziwi peke yake, kutoka salamu hadi dawa. Baada ya Goziba atatafuta muuguzi mwingine Muleba, na mwingine. Hana haraka, kwa sababu haraka nayo inataka nguvu.

"Watu wanafikiri nataka kishikwambi kikubwa zaidi," anasema, akilivuta lile gauni la bega moja na kuanza kushona la pili. "Mimi nataka siku Goziba wanipigie, niwahi kupokea, moyo unadunda, halafu nikute wananisalimia tu."